KUCHUNGUZA VYUMA VYA NDANI VYA MOTERE KUUKUU YA TRAKTA

Somo lililofundishwa Muhumba, Bukavu, kwa wakulima wa Walungu, Mwenga, Kamituga na Shabunda



Wengi wenu mnaokaa karibu na machimbo mmekwisha kuona jambo hili. Watu wa kijiji hutoa fedha pamoja, hushuka Bukavu au bonde la Ruzizi, na hununua motere kuukuu iliyotolewa katika trakta. Nia yao ni njema: wanataka kusaga muhogo na mahindi, au kuvuta maji, au kuponda mawe yenye dhahabu. Motere imepakwa rangi mpya. Inawaka, inanguruma. Wanaipakia katika lori kwa furaha. Baada ya miezi michache inatoa moshi wa buluu, halafu inagonga, kisha inanyamaza. Fundi anaitwa, anatia segma mpya. Inafanya kazi mwezi mmoja, inanyamaza tena. Fedha ya kijiji imekwisha, na watu wanaanza kutazamana kwa ubaya.

Somo hili halifundishi kuunga motere yote. Linafundisha kusoma alama za kuchakaa kabla ya kununua hata chuma kimoja. Motere haifi bila sababu. Kitu kilichokula vyuma vya zamani, kama hamkukiona, kitakula na vipya.

MAJINA YA VYUMA

Majina haya ni ya mafundi wetu, na mengi yametoka katika Kifaransa. Yashikeni hivyo hivyo, kwa maana mkiyasema dukani Bukavu mtaeleweka.

Silinda ni tundu refu la mviringo. Ndani yake mna shemizi, yaani shati la chuma ambalo silinda imevishwa. Pistoni hupanda na kushuka humo kama mchi katika kinu. Segma ni pete za chuma zinazozunguka pistoni, kazi yao ni kuziba nafasi ili nguvu ya moto isiponyoke na mafuta yasipande. Bieli ni mkono unaounga pistoni na vilbreke. Vilbreke ni mtaimbo uliopindwa-pindwa, unaogeuza kupanda na kushuka kuwa kuzunguka. Kusine ni vipande vyembamba vya nusu mviringo vilivyo kati ya bieli na vilbreke, na tena kati ya vilbreke na mwili wa motere. Kulasi ni kifuniko cha juu, chenye supape, ndiyo milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Karteri ni bakuli la chini linalotunza mafuta ya kulainisha.

Kwa mfano tutatumia motere ya Perkins ya silinda 3 ambayo iliwekwa katika trakta nyingi za Massey Ferguson 135, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1964. Kila silinda ina upana wa milimita 91.4, na pistoni hutembea milimita 127. Inatumia dizeli, ambayo sisi huiita mazutu. Motere yenu ikiwa ya namna nyingine, namna ya kuchunguza ni ile ile, lakini vipimo mvitafute katika kitabu cha motere hiyo.

KABLA YA KUFUNGUA

Msikimbilie funguo. Washeni motere kwanza, mkitazama na kusikiliza. Moshi wa buluu maana yake mafuta ya kulainisha yanaungua. Moshi mweupe usiokoma hata motere ikipata moto maana yake ni mazutu yasiyoungua vizuri, au maji. Moshi mweusi maana yake mazutu ni mengi kuliko hewa. Kisha fungueni kifuniko cha kutilia mafuta wakati motere inazunguka. Hewa ikitoka kwa nguvu kama pumzi ya mtu aliyepanda mlima, moto unapita kando ya segma na kushuka chini.

Mzee mmoja wa Walungu aliniuliza: «Monitari, mwanangu, motere hii tuliiona kule Uvira haina moshi. Hapa Bukavu inatoa moshi mweusi. Je, wametubadilishia?» Nikamjibu: «Hapana, baba. Motere ni ile ile. Hewa ndiyo nyingine.» Ziwa Tanganyika pale Uvira liko kama metre 770 juu ya bahari, na Muhumba, ukingoni mwa Ziwa Kivu, ni kama metre 1,460. Kadiri tunavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Motere inavuta pumzi ile ile lakini inapata chakula kidogo ndani yake, na mazutu yanakuja kama zamani. Ndiyo sababu moshi mweusi kidogo huku milimani si ushahidi wa kuchakaa.

Neno hili lina kazi tena mkipima nguvu ya kubana kwa saa ya kupimia. Pale Muhumba saa itaonyesha pungufu karibu sehemu moja ya sita kuliko kitabu kinavyosema kwa nchi ya pwani. Mtu asiyejua hilo atasema motere imekufa, kumbe ni nzima. Kwa hiyo tazameni zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Zote tatu zikiwa karibu sawa, si vibaya. Moja ikiwa chini sana, hiyo ndiyo mgonjwa.

Silinda ikiwa dhaifu, tieni ndani yake mafuta kijiko kimoja cha mezani, mpime tena. Nguvu ikipanda, ubaya uko kwenye segma na shemizi. Isipopanda, tazameni supape na kulasi. Kijiko kimoja tu, nasema, si kikombe! Mafuta hayabaniki, na mkijaza silinda, bieli itapindika.

KUFUNGUA

Tandikeni turubai safi mahali pasipo upepo. Kila chuma kipate namba yake: bieli ya 1 na kifuniko chake, bieli ya 2 na chake, bieli ya 3 na chake. Vifuniko hivi havibadilishani, vilichongwa pamoja na wenzi wao. Kusine pia zibaki na mahali pake, ya juu juu, ya chini chini. Fundi anayetupa vyuma vyote katika ndoo moja anatupa ushahidi wote, na mimi fundi wa namna hiyo singempa motere ya kijiji.

Tena msioshe kitu kabla ya kutazama. Watu hupenda kuosha kwanza, kwa maana uchafu unaaibisha. Lakini uchafu ndio unaosema. Chukueni tope la chini ya karteri, mlisugue kati ya vidole. Likikwaruza kama mchanga, vumbi liliingia. Lipakeni juu ya kitambaa cheupe mpitishe sumaku. Chuma cheusi kitashika, na mara nyingi hicho kimetoka katika segma, shemizi au meno ya giya. Vipande vya rangi ya shaba au vya kijivu visivyoshika sumaku vimetoka kwenye kusine. Mafuta yakiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yaliingia, basi tafuteni jwenti ya kulasi iliyoungua, au ufa.

Kisha osheni kwa mazutu, si kwa esanse. Esanse inashika moto kwa cheche ndogo, na watoto hupenda kusimama karibu wakitazama.

SHEMIZI

Hapa tukae zaidi, kwa maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Shemizi haichakai sawasawa. Huliwa zaidi juu, pale segma ya kwanza inapofika na kugeuka. Mahali hapo pana moto mkali, mafuta ni machache, na segma inasukumwa kwa nguvu ukutani. Vumbi nalo linaingia kutoka juu. Pitisheni ukucha kutoka ndani kwenda juu. Mkisikia ngazi, kama ukingo wa chungu, hiyo ni sehemu ambayo segma haifiki, imebaki na upana wa zamani. Ngazi kubwa ni kuchakaa kukubwa. Mtu akitia segma mpya bila kuondoa ngazi hiyo, segma ya juu itaigonga kila mzunguko mpaka ivunjike.

Lakini ukucha hautoi hesabu. Fundi wa mjini ana kipimo chake cha ndani ya silinda, ninyi hamna. Basi fanyeni hivi. Ombeni vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, vinauzwa kama kitabu kidogo, kila kibamba kimeandikwa unene wake. Chukueni segma moja nzuri, iingizeni peke yake katika silinda. Isukumeni kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isiwe mshazari. Isukumeni mpaka chini, mahali ambapo segma hazikusugua. Pimeni nafasi kati ya ncha zake mbili. Kisha irudisheni juu, chini kidogo ya ile ngazi, mpime tena. Toeni nafasi ya chini katika nafasi ya juu. Jibu mligawanye kwa 3.14. Hilo ndilo ongezeko la upana wa silinda.

Mfano: chini ni milimita 0.40, juu ni milimita 1.20. Tofauti ni 0.80. Ukigawanya kwa 3.14 unapata karibu milimita 0.25. Mafundi wengi wanahesabu kwamba silinda ya ukubwa huu ikifika 0.20 mpaka 0.25, segma mpya peke yake ni bure. Shemizi yapasa kubadilishwa. Ikiwa 0.08 au 0.10, inaweza kufanya kazi bado, mkiondoa ngazi na kutia segma mpya.

Hesabu hii ndogo yaweza kulinda fedha ya kijiji kuliko maneno ya muuzaji. Mtoto aliyemaliza darasa la sita anaweza kuifanya.

Angalieni jambo moja tena: shemizi nyingine ndani zimefunikwa kwa kromu, ngumu na yenye kung'aa. Hizo hazichongwi, hubadilishwa tu. Na segma zilizopakwa kromu hazikai katika shemizi ya kromu, zitalana. Mwulizeni mwuzaji wa segma kabla ya kulipa.

PISTONI NA SEGMA

Vunjavunjeni masizi katika mifereji ya pistoni kwa kipande cha segma ya zamani, polepole, msikwaruze aluminiamu. Kisha wekeni segma mpya katika mfereji wa juu, mpime nafasi ya kando kwa kibamba. Kibamba cha milimita 0.15 kikiingia bila taabu, mfereji umekwisha. Segma itapigapiga ndani yake, itavuta mafuta juu kama pampu, na moshi wa buluu utarudi ingawa segma ni mpya. Wengi hushangaa hapo, wakasema segma zilikuwa mbovu.

Tazameni pia ubavu wa pistoni. Mikwaruzo ya wima upande mmoja ni alama ya joto au mafuta kukosa. Alama ya kusuguliwa ambayo iko mshazari, juu upande wa kushoto na chini upande wa kulia, inaonyesha bieli imepindika.

KUSINE NA VILBREKE

Kusine ina matabaka kama kitunguu. Mgongo ni chuma, katikati mara nyingi ni rangi ya shaba, na juu ni ngozi nyembamba ya kijivu. Kijivu kikiwa safi kila mahali, kusine ni nzima. Mkiona shaba, ngozi imeisha. Mistari inayozunguka ni uchafu uliopita na mafuta. Vipande vilivyobanduka kama rangi ya ukuta ni uchovu, yaani mzigo mzito kwa muda mrefu. Ngozi iliyoyeyuka na kuvutwa upande mmoja inasema: siku moja mafuta hayakufika.

Sasa geuzeni kusine, msome mgongo. Jambo hili watu wengi hawalijui, na wauzaji hawalisemi. Pale mgongoni mara nyingi pameandikwa STD, au 010, au 020, au 030. STD maana yake vilbreke haijasagwa bado. Namba 010 maana yake imekwisha kusagwa mara moja, imepungua sehemu kumi kwa elfu za inchi, yaani milimita 0.25. 020 ni milimita 0.51, na 030 ni milimita 0.76. Kwa motere nyingi 030 ndiyo mwisho. Basi mkiona 030, na vilbreke ina mikwaruzo, jueni kwamba vilbreke hiyo haina safari nyingine. Mtanunua nyingine, na bei yake yaweza kupita bei ya motere yote. Mwuzaji akikubali kufungua karteri na bieli moja tu mbele yenu, mmekwisha kujua mengi. Akikataa kabisa, mimi nasema rudini nyumbani na fedha yenu.

Vilbreke yenyewe ipimwe kwa mikrometa, kila shingo mara mbili, kwa wima na kwa upana. Tofauti kati ya vipimo viwili ni uyai, yaani shingo si duara tena bali kama yai. Uyai ukifika milimita 0.05, ni wakati wa kusaga. Kama hamna mikrometa, pitisheni sarafu ya shaba juu ya shingo. Ikiacha mstari mwekundu, shingo ina meno kama tupa, nayo itakula kusine mpya upesi. Kisha ining'inizeni vilbreke kwa kamba, mwigonge polepole kwa nyundo ndogo. Ikilia kama kengele, vema. Ikitoa sauti butu, huenda ina ufa.

Ufa tunautafuta kwa mazutu na chaki ya shuleni. Pakeni mazutu mahali mnapoogopa, mngoje, mpanguse mpaka pakauke. Nyunyizeni unga wa chaki. Mazutu yaliyojificha katika ufa yatatoka polepole, na mstari mweusi utaonekana katika weupe. Fanyeni hivyo pia kwa kulasi, katikati ya supape, na kwa mwili wa motere.

Kwa kusaga vilbreke yahitajiwa mashine yake maalum. Mashine ya kawaida ya kuchongea chuma haitoshi, hata kama mwenye garaji anasema «nitajaribu».

KULASI

Kwa kulasi si lazima maneno mengi. Igeuzeni, funga supape, mwage mazutu kidogo katika njia ya hewa. Yakivuja kwenye kiti cha supape, isugueni kwa dawa yake. Tikiseni mguu wa supape, ukicheza sana mahali unapopita ni papana. Wekeni rula iliyonyoka juu ya uso wa kulasi, mtazame kama mwanga unapita chini yake.

NI NANI ALIYEKULA?

Sasa pangeni vyuma vyote kwa namba, mkae, mfikiri. Shemizi na mifereji ya juu ya pistoni ikiwa imeliwa sana, lakini kusine ni nzima, vumbi liliingia kwa njia ya hewa. Kusine na vilbreke zikiwa na mikwaruzo, na shemizi si mbaya sana, ubaya ulikuja na mafuta: hayakubadilishwa, au chujio lake lilijaa. Kusine zikiwa zimeyeyuka, tafuteni pampu ya mafuta, au njia iliyozibwa katika vilbreke.

Kwetu karibu na machimbo, mwuaji mkubwa ni vumbi la mawe. Jiwe jeupe la dhahabu ni gumu kuliko chuma cha shemizi. Mashine ya kuponda ikiwekwa karibu na motere, motere inavuta unga wa jiwe hilo siku nzima, mamia ya lita za hewa kila dakika. Wekeni motere upande upepo unakotoka, mkanda uwe mrefu, na mdomo wa hewa uwe juu. Chujio la hewa la trakta hizi za zamani mara nyingi lina bakuli la mafuta. Lifungueni kila siku ya kazi. Tope likiwa nene chini yake, mwageni, mtie mafuta mpaka alama, yasizidi. Kisha ingizeni kidole katika bomba lililo baada ya chujio. Kidole kikitoka na vumbi, mpira umepasuka, au jwenti inayounga bomba la hewa na kulasi inavuja, na chujio linafanya kazi bure. Vumbi hilo hilo huharibu mapafu ya mama zetu wanaotwanga mawe, nao hawana chujio. Wapeni kitambaa na maji ya kulowesha jiwe kabla ya kulitwanga.

Jambo hili halikuwapata wanyonge peke yao. Mwaka 1947 Waingereza walianza shamba kubwa sana la karanga kule Kongwa, Tanganyika. Walikuwa na fedha nyingi na wahandisi. Lakini matrakta mapya yalikuwa haba baada ya vita, wakanunua yaliyokwisha kutumika, mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino mbali. Vyuma vya kubadilisha vilikosekana, madereva hawakuwa wamefundishwa vya kutosha, na nchi yenyewe ilikuwa ngumu na ya vumbi. Mashine nyingi zilikufa katika mwaka ule wa kwanza. Januari 1951 mpango wote ulifutwa.

DAFTARI

Andikeni kila kipimo. Chuma gani kitarudi, chuma gani kitapelekwa kwa mashine, chuma gani kitanunuliwa, na bei ya kila kimoja. Barabara ya Kamituga mnaijua. Kushuka Bukavu mara tatu kwa sababu ya kusahau jwenti moja kunakula fedha kuliko jwenti yenyewe. Jumla ikipita nusu ya bei ya motere nzima, someni daftari mbele ya watu wote waliotoa fedha, wao waamue, si fundi peke yake.

HESABU YA KUFANYA NYUMBANI

Kijiji kimoja kimefungua motere ya silinda 3. Nafasi ya segma chini ni milimita 0.45 katika silinda zote. Juu, silinda ya 1 ina 0.70, silinda ya 2 ina 0.75, silinda ya 3 ina 1.40. Kusine zote za bieli ni za kijivu safi, na mgongoni pameandikwa 010.

Silinda ipi yapasa shemizi mpya? Vilbreke imesagwa mara ngapi? Chujio moja la hewa linalisha silinda zote tatu, na silinda ya 3 peke yake ndiyo iliyoliwa sana. Basi mtaanza kutafuta njia ya vumbi mahali gani?